Jumamosi Isiyo na Besiboli

Mtaani kwetu Shituru kulikuwa na mzee aliyekataa kula ya juu. Alikuja mgahawani kwangu kila Jumamosi saa sita na nusu, akavua kofia, akakaa kwenye meza iliyo karibu na mlango. Hata kama njaa ilikuwa inamuuma waziwazi, aliuzuia upawa wangu kwa macho na kusema, "Koroga kwanza, mama. Juu ya sufuria haisemaka kweli."

Nilikoroga. Mwaka wa kwanza nilikoroga kwa hasira, nikidhani anaitukana sombe yangu ya majani ya muhogo. Mwaka wa pili nilikoroga kwa mazoea. Baadaye nikajikuta nakoroga hata kabla ya kumpakulia mtu mwingine yeyote, na wateja wakaanza kusema chakula changu kimekuwa kizuri. Sikumwambia. Angejivuna.

Tulimwita Papa Laborantin, yaani mpimaji wa maabara. Maisha yake yote alifanya kazi katika maabara ya kiwanda cha shaba, akipima mawe na unga wa mawe, na kila Ijumaa aliandika ripoti ya juma kwa wakubwa wake. Siku ilipofika alistaafu yeye, ripoti haikustaafu. Aliendelea kuiandika kila Ijumaa katika daftari la shule, isipokuwa hakuwa tena na shaba ya kuripoti. Basi akaripoti dunia. Jumamosi alitusomea sisi tuliokuwa tunakula, sehemu tatu bila kubadilisha: sayansi, siasa, besiboli.

Najua. Besiboli, na tuko Likasi, Katanga. Mimi pia niliuliza, na jibu nitalitoa likifika zamu yake. Kwanza niseme kwa nini namwandika: jiko hili lililo nyuma ya mgongo wangu lingekuwa shimo leo kama si yeye. Watu wa avenyu yetu wanadhani wanajua alivyofanya. Hawajui. Ndiyo sababu sitaitaja avenyu, na ninamtegemea mume wangu asiyasome haya, yeye ambaye hajawahi kusoma kitu kirefu kuliko ujumbe wa simu.

Sayansi ilikuja kwanza kwa sababu, kwa maoni yake, mtu anayekula husikiliza vizuri. Sikubaliani naye mpaka leo. Siku aliyotangaza kwamba nzi huonja chakula kwa miguu, wateja wanne waliweka vijiko chini kwa pamoja wakawatazama samaki wao kama wageni. Mmoja alilipa akaondoka na njaa yake. Nilipomfokea mzee, alinijibu kwa upole kabisa, "Minye sikusema nzi ya hapa. Nilisema nzi."

Jumamosi nyingine alitueleza juu ya pweza, mnyama wa baharini mwenye mioyo mitatu. Fundi wa pikipiki wa jirani, mtu aliyeokoka na anayependa watu wajue hivyo, alinyanyua mkono.

"Papa, sasa ile pweza, siku anaokoka, Yesu anaingia mu moyo gani?"

Watu walicheka. Laborantin hakucheka. Aliliandika swali daftarini, neno kwa neno. Jumamosi iliyofuata, kabla ya kitu kingine chochote, alisoma: "Swali ya fundi ilitumwa. Jibu haiyafika."

Siasa ndiyo ilikuwa fupi kuliko zote. Wengine wanaweza kubishana juu ya Kinshasa kutoka supu hadi ndizi. Yeye alisoma mstari mmoja: "Balikutana. Balipiga picha. Batakutana tena." Tulilalamika kwamba huo ndio mstari wa wiki iliyopita. Alitutazama juu ya miwani. "Minye niko nasoma tu kipimo," alisema. "Kama maji ni ile ile, niandike nini?"

Jinsi alivyozipata habari ndiyo ilikuwa sarakasi yenyewe. Alikuwa na redio tatu, hakuamini hata moja. Alichokiamini ni kazi waliyomfundisha maabara. Ukitaka kujua lori zima la mawe lina nini, alinieleza, huwezi kulipima lori. Unachukua kidogo kutoka kila upande, unasaga, unaumwaga unga mezani uwe kilima kama bukari, ugali wetu. Unakikata kilima kwa msalaba, unapata robo nne. Robo mbili zinazotazamana unazitupa. Mbili zilizobaki unazichanganya, unamwaga tena, unakata tena, mpaka kinabaki kijiko kimoja. Hicho kijiko ndicho lori lako.

Basi na sisi alitukata. Habari ikija kutoka Kambove au Kamatanda, aliwakalisha watu wanne pande nne za meza yangu, kila mmoja akasimulia alivyosikia. Wawili waliotazamana aliwatupa. Wawili waliobaki aliwachanganya. Hakuangalia nani mkweli, nani ana elimu, nani shemasi. "Ukianza kuchagua," alisema, "umekwisha kusema bongo." Bongo kwetu ni uwongo, na kwa Laborantin hakukuwa na tusi kubwa kuliko hilo.

Mume wangu na mimi tulikuwa na bahati mbaya ya kupenda kutazamana. Mwezi mzima tulitupwa pamoja. Siku moja mume wangu alileta habari ya lori lililolala chini katika barabara ya Kambove, habari aliyoiona akiwa amesimama kando ya lori hilo hilo, na ikatupwa.

"Papa, minye niliona na macho!"

"Ni vile. Lakini ulikaa mubaya."

Mume wangu alisusa mgahawa wiki mbili, mgahawa wa mke wake mwenyewe. Nilikuwa nampelekea chakula chumbani.

Sasa besiboli. Nilimuuliza siku ya mvua, wateja hawakuwepo. Alifurahi kuulizwa, nadhani alikuwa amengoja miaka. Maabara, alisema, kati ya kipimo na kipimo unapima kitu ambacho hakina kitu: maji safi. Mashine ikisema maji safi yana shaba, basi mashine inaongopa, na sasa unajua inaongopa kwa kiasi gani. Kile kipimo cha maji wanakiita blanc. Na yeye alihitaji blanc ya kupimia watu.

"Nilitafuta habari yenye haina faida kwa mutu hata moja wa hapa," alisema. "Football, kila mutu iko na ekipe. Boxe, kila mutu iko na ndugu mwenye alipiganaka. Besiboli? Hakuna mutu wa Likasi iko na ndugu mu besiboli."

Ndivyo alivyofanya. Jumamosi alisoma matokeo aliyoyanasa redioni kwa Kiingereza alichokielewa nusu: Kofia Nyekundu waliwashinda Kofia Nyeusi, tano kwa tatu. Majina ya timu aliyakataa, akaziita kwa kofia zao. Jumatatu alipita mmoja mmoja, kama mtu anayesalimia tu, na kuuliza ilikuwaje vile. Fundi wa pikipiki alisema kumi kwa sita, na mmoja alibebwa hospitali. Laborantin aliandika: *Fundi, gawanya kwa mbili.* Tangu siku hiyo, fundi akisema ameona wanajeshi ishirini, ripoti ilisema kumi. Mume wangu hakukumbuka hata kwamba kulikuwa na mchezo. *Huyu haongopi,* ikaandikwa, *huyu haiko.*

Mimi nilisema tano kwa tatu.

"Weye, mama, uko maji," alisema.

Sikujua kama nishukuru. Nilimwongezea samaki, kwa tahadhari.

Lakini watu si maji, na hapo ndipo hesabu yake ilipomshinda. Ukimsomea mtu matokeo ya Kofia Nyekundu kila Jumamosi kwa miaka, siku moja ataamka ni mtu wa Kofia Nyekundu. Fundi alianza. Alichora kofia nyekundu kwenye ubao wa karakana yake, na nusu ya avenyu ikamfuata. Nusu nyingine, ili mradi wasikubaliane na fundi, wakawa Kofia Nyeusi. Hakuna aliyejua mchezo wenyewe unachezwaje. Siku moja mume wangu alithubutu kuuliza wachezaji wanakimbia kwenda wapi.

"Banarudia kwabo," alisema Laborantin.

"Banatoka kwabo, banakimbia, banarudia kwabo?"

"Njo ile."

"Na watu banalipa kuona ile?"

Laborantin alilikwepa swali kwa kufunua ukurasa mwingine. Nadhani na yeye lilikuwa linamsumbua. Kilichomkera zaidi ni kwamba tulikuwa tumemharibia chombo chake. "Mumechafua blanc yangu!" alitufokea, mishipa ya shingo imesimama. "Minye naleta maji, munatia ndani sukari!" Akajaribu kutuhamishia kriketi. Tulivumilia Jumamosi mbili, ya tatu fundi alisimama na kudai Kofia Nyekundu yake, na mzee akasalimu amri.

Hakuwa mtu rahisi, nisimpambe. Siku ya ndoa ya binti yake alimwambia mkwe mpya, mbele ya ukoo wote, kwamba hotuba yake ilikuwa na maji mengi. Katika misa alipima muda wa mahubiri kwa saa ya mkononi na kumtajia padri mlangoni, bila kuombwa. Aliwacheka waliookoka kwa miujiza yao, na mfukoni alibeba rozari mbili, moja ikiwa ya kuhakikisha nyingine. Alichukia umbeya kuliko kitu chochote, na sijamwona mtu aliyeishi kwa umbeya kama yeye. Nilimpenda sana. Nilichelewa kulijua hilo.

Miaka miwili iliyopita, wakati wa kiangazi, fundi alichimba choo kipya akatoa jiwe la kijani, kubwa kama ngumi. Kila mtu wa Katanga anajua jiwe la kijani maana yake nini. Kesho yake wachimbaji wa Kamatanda walikuwa wanapita katika viwanja vyetu wakiamkia watu huku macho yao yako chini. Katika avenyu nyingine walikuwa wameanza kuchimba ndani ya vyumba vya kulala, mpaka nyumba moja ikaingia katika shimo lake yenyewe. Watu walitoka wazima. Kabati la vyombo liko chini mpaka leo.

Nilirudi kutoka sokoni nikamkuta mume wangu amepiga magoti jikoni mwangu. Alikuwa amechora duara kwa chaki katikati ya sakafu, amesogeza jiko la makaa ukutani.

"Hapa, mama batoto. Tunashuka mupaka mita kumi."

"Na minye nitapika wapi?"

"Pembeni kidogo."

Jiko lile nililijenga mwenyewe, tofali kwa tofali, miaka ambayo mume wangu hakuwa na kazi. Watoto wetu wote walisomea kwenye moshi wake. Niliweka kikapu chini, nikalia mbele yake bila kujificha. Alinihurumia kweli, lakini duara hakulifuta. Usoni alikuwa na kitu ambacho nilikuwa sijakiona tangu ujana wetu: alikuwa anaona mbele.

Avenyu nzima ilibishana siku tatu, na mwisho ilikubaliana kwa jambo moja tu. Laborantin apime. Akisema kuna shaba, tunachimba wote. Akisema hakuna, wachimbaji wanaondoka. Hata mkubwa wa wachimbaji alikubali, kwa sababu baba yake naye alifanya kazi kiwandani, na yeye mwenyewe alikua akisikia kwamba mzee huyu hapimi mara moja na haandiki asichokiona.

Alichukua udongo kutoka viwanja vinne, jikoni kwangu kukiwemo, katikati kabisa ya duara. Aliusaga, akaumwaga kwenye meza yangu, akakata msalaba, akatupa robo mbili, akachanganya, akakata tena, sisi tumesimama kimya kama kwenye ekaristi. Kilipobaki kijiko kimoja alikifunga katika karatasi akaenda nacho nyumbani. Kazi iliyobaki ilikuwa ya tindikali ya betri na msumari mpya. Kama kuna shaba, alitueleza, msumari unatoka mwekundu. Kama hakuna, unatoka ulivyoingia. Majibu Jumamosi, pamoja na ripoti.

Jumamosi hiyo watu walikaa mpaka kwenye magunia ya makaa. Alikuja saa sita na nusu. Akasoma sayansi, polepole, kitu juu ya mwezi ambacho hakuna aliyekisikia. Akasoma siasa: walikutana. Kisha akatoa mfukoni msumari uliofungwa katika karatasi, akaukabidhi meza ya kwanza.

Ulikuwa wa kijivu, safi, kama ulivyotoka dukani.

"Hakuna kitu," alisema. "Ile jiwe ya fundi ilikuya na kokoto ya barabara, zamani. Chini yetu ni udongo tu."

Msumari ulipita mkono kwa mkono. Mume wangu aliushika muda mrefu kuliko wote, akaugeuzageuza, akampa jirani yake. Mkubwa wa wachimbaji alimpa mzee mkono kwa heshima, na kabla ya saa tisa walikuwa wameondoka. Laborantin akafunga daftari.

"Papa," fundi alisema, "na Kofia Nyekundu?"

"Leo hakuna besiboli."

Nawaambia, shaba ilipotea na watu walinyamaza. Besiboli ilipopotea palilipuka. "Balicheza jana!" fundi alipiga kelele. "Nilisikia asubuyi mu redio!" Wa Kofia Nyeusi walisema mzee anawaficha ushindi. Yeye alivaa kofia yake akatoka, na chakula chake nilikuwa nimekwisha kukikoroga na kukipakua. Mimi sikujali. Nilikimbia jikoni na ndoo ya maji, nikalifuta lile duara kabla mume wangu hajainuka kitini.

Ilipita karibu miezi sita. Magoti ya mzee yalikuwa yameanza kumkatalia, nikawa nampelekea chakula kwake. Siku moja nilitaka kujua tarehe ya ubatizo fulani, nikainua kalenda ya parokia iliyoning'inia ukutani. Msumari uliokuwa umeibeba ulikuwa mwekundu, wekundu wa waya wa umeme ukiuvua ngozi.

Nilipogeuka, alikuwa ananitazama.

"Papa, huu msumari..."

"Ni musumari."

"Ni mwekundu."

"Laborantin hatupi matokeo mu takataka, mama. Anaweka tu mahali."

Nilikaa chini. Nilimuuliza shaba ilikuwa kiasi gani, akasema nyingi. Kisha nikakumbuka ile kelele ya fundi, nikauliza kwa sauti ndogo kama ndiyo maana siku ile hakutusomea matokeo.

"Blanc ni ya kutafuta mwenye bongo," alisema, akijigusa kifua. "Ile siku nilikuwa namujua tayari."

Nilimkasirikia kwa ajili ya mume wangu na ule uso wake wa kuona mbele. Halafu nilifurahi, na nikaona haya kwamba nafurahi. Nikamkumbusha maneno yake mwenyewe, kwamba ukianza kuchagua umekwisha kusema bongo.

"Nilichagua," alisema. "Shaba nimepima maisha yote. Chakula nakulaka kwako."

Sikumwambia mtu. Nilirudi nikapika.

Mwaka huu, mvua zikiwa zinakaribia kuisha, binti yake alinisimamisha njiani. Daktari alikuwa amesema alichosema, na familia imeamua mzee asiambiwe. Macho ya baba yake hayasomi tena, alisema, akaniomba nimpelekee supu Jumamosi, na kama naweza, ripoti. Basi niliiandika mimi. Ijumaa nzima nilisikiliza redio. Fundi alinitafutia besiboli katika simu yake, akaniandikia kwenye karatasi kwa mkono wake: Kofia Nyekundu, nne kwa mbili. Aliniapia mara tatu kwamba hakuongeza.

Nilimkuta kitandani, ametazama ukuta wenye kalenda. Alikuwa amepungua sana. Niliweka sufuria kwenye kigoda.

"Mutoto wangu anasema docteur aliona malaria," alisema. "Weye ulisikia nini?"

"Ni malaria tu, papa. Utapona."

Akafumba macho, akangoja ripoti. Nilimsomea sayansi. Nilimsomea siasa, na nilipofika "balikutana" alimalizia mwenyewe, "batakutana tena." Kisha akafumbua macho.

"Na besiboli?"

Karatasi ya fundi ilikuwa mkononi mwangu. Nne kwa mbili, kwa herufi kubwa, ningeweza kuisoma nikiwa nimesimama mlangoni. Lakini nilikuwa nimetoka kusema malaria. Niliikunja nikaitia ndani ya kitenge.

"Leo hakuna besiboli, papa."

Alinitazama. Mabega yakaanza kutikisika, nikadhani ni kikohozi, nikainuka nimshike. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, akayafuta kwa shuka, na mimi yangu nikayafuta kwa kitenge.

Nikachukua upawa, kwa mazoea nikaanza kukoroga. Akauweka mkono wake juu ya wangu.

"Hapana koroga, mama," alisema. "Leo unipatie ya juu."

Nikampakulia ya juu. Aliimaliza yote.